Kimo Kisichokuwa Juu ya Bati: Istilahi za Kiswahili katika Uundaji wa Piramidi kwa Programu za Usanifu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza uundaji wa piramidi, na magimba yanayokaribiana nayo, katika programu za usanifu kwa kompyuta. Hoja yetu ni kwamba tatizo halimo sana katika majina ya maumbo, ambayo kwa sehemu kubwa tunayo, bali limo katika vitenzi na katika vipimo. Kila njia ya kuunda piramidi humdai mtumiaji kipimo tofauti, ilhali neno moja la kawaida, yaani urefu, limekuwa likibebeshwa vipimo vitatu visivyolingana. Tunatumia mfano wa hopa ya mashine ya kusaga nafaka kuonyesha hasara inayotokana na utata huo, kisha tunapendekeza istilahi chache zilizochotwa katika kazi za mikono ambazo wasemaji wa Kiswahili wanazifahamu tayari.

Maneno ya msingi: piramidi, gimba, kimo, mshazari, istilahi

1. Utangulizi

Mashine ya kusaga nafaka huwa na bakuli kubwa la bati juu yake, ambamo mahindi humiminwa kabla ya kushuka mahali pa kusagiwa. Mdomo wa bakuli hilo ni mpana na tundu lake la chini ni finyu. Mafundi wengi huliita hopa. Kwa lugha ya jiometria, hopa yenye mdomo wa mraba ni piramidi iliyogeuzwa juu chini na kukatwa kilele.

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya aliombwa msaada katika karakana moja ya vyuma mjini Kampala. Mteja alitoka Goma na alikuwa amesoma kwa Kifaransa. Fundi mkuu alikuwa amesoma kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Kijana aliyeichora hopa kwa kompyuta aliacha maandishi ya mchoro yakiwa kwa Kiingereza, nami nikatakiwa kuyaweka katika Kiswahili ili pande zote mbili zitie sahihi karatasi moja. Kazi hiyo niliiona nyepesi. Mdomo: mraba wa milimita 600. Tundu la chini: mraba wa milimita 200. Urefu: milimita 400.

Fundi alikata mabamba manne ya umbo la trapeza, kila moja likiwa na upande wa juu wa milimita 600, upande wa chini wa milimita 200, na umbali wa milimita 400 kati ya pande hizo mbili sambamba. Mabamba yalikutana vizuri kabisa, hayakuacha hata mwanya wa wembe, yakachomelewa. Siku ya kuipandisha hopa kwenye fremu, ambayo ilikuwa imekwisha kutengenezwa, tundu la chini lilibaki likining'inia zaidi ya sentimita 5 juu ya mdomo wa mashine. Tulipoinama kupima, fundi alinigeukia akauliza, "Mwalimu, urefu si huu?" huku akipitisha kidole juu ya bati kutoka mdomoni hadi chini. Alikuwa sahihi. Bati lile lilikuwa na urefu wa milimita 400. Aliyekosea ni mimi, ingawa kamusi zingenitetea. Mabamba yalikatwa upya, na gharama tuligawana watu watatu baada ya mabishano marefu.

Kisa hiki kinahusu programu za usanifu kuliko kinavyoonekana. Katika kompyuta ya yule kijana gimba lilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwa sababu programu ilimwomba kipimo kimoja mahususi naye akakitoa. Utata uliingia pale kipimo hicho kilipotoka katika programu na kupewa jina la Kiswahili. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, safari ya namna hiyo kutoka skrini hadi karakana itazidi kuwa ya kawaida, na mara nyingi lugha itakayotumika njiani ni Kiswahili.

2. Majina tuliyo nayo

Ni vema kuanza na habari njema. Majina ya maumbo katika Kiswahili cha shule yana mizizi katika vitu vinavyoshikika, na baadhi yake yana usahihi unaostahili kusifiwa. Gimba ambalo mkato wake haubadiliki kuanzia mwanzo hadi mwisho huitwa mche. Msomaji anaweza kudhani jina hilo limetoka katika mmea, lakini mfano unaolieleza vizuri ni mche wa sabuni. Ukate mche wa sabuni kwa kisu mahali popote, kila kipande kitakuwa na uso uleule. Hiyo ndiyo fasili yenyewe ya umbo hilo, na muuza duka anaijua bila kuisoma. Kadhalika pia, kitu cha watoto cha kuchezea kinachozunguka juu ya ncha yake, imelipa jina gimba lenye kitako cha duara na ncha moja.

Piramidi haikupata bahati ya jina la nyumbani. Neno limetujia kutoka Kiyunani kupitia lugha za Ulaya, limetulia, na hatuoni sababu ya kulisumbua. Linalohitaji uangalifu ni majina ya viungo vyake. Kitako kinajulikana. Uso na wingi wake nyuso havina tabu. Ukingo ni mstari ambapo nyuso mbili hukutana. Kwa nukta ambapo kingo hukutana, vitabu vingi hutumia kipeo, na hapa tunashauri tofauti moja ihifadhiwe: vipeo viwe nukta zote za namna hiyo, na nukta ile moja ya juu kabisa iitwe kilele. Piramidi yenye kitako cha mraba ina vipeo 5, na kimoja tu kati ya hivyo ni kilele. Mwanafunzi anayeambiwa "sogeza kipeo" atauliza kipi. Anayeambiwa "sogeza kilele" hana la kuuliza.

Piramidi iliyokatwa kilele haina jina fupi linalokubalika. Tunapendekeza piramidi butu, kwa mfano wa kisu butu, yaani kilichopoteza makali au ncha yake. Jina hilo linakwenda sawia na pia butu, ambayo ndiyo umbo la ndoo ya kawaida. Hopa yetu basi ni piramidi butu iliyogeuzwa.

Neno moja zaidi kabla ya kuendelea. Baadhi ya waandishi huita maumbo yote ya aina hii "maumbo ya pande tatu". Jina hilo linapotosha, kwani umbo lenye pande tatu ni pembetatu, nayo huchorwa kwenye karatasi bapa. Katika makala haya tunatumia gimba.

3. Njia za kuiunda, na kile ambacho kila njia hudai

Programu haina haja ya kujua piramidi ni nini. Inajua kuchora umbo bapa, kulisogeza, kulipunguza na kuunganisha nukta. Kwa hiyo piramidi ileile inaweza kufikiwa kwa njia kadhaa, na kila njia humwuliza mtumiaji swali lake. Tuifuate hopa yetu katika njia hizo.

Katika SketchUp njia ya mkato ni kuchora mraba, kuchora mishazari yake miwili ya kona kwa kona, kushika nukta inapokutana mishazari hiyo, kisha kuisogeza juu kufuata mhimili wa buluu, ambao katika programu hiyo ndio wa wima. Nyuso nne huinuka zenyewe kama hema linaloinuliwa kwa mti mmoja wa katikati. Swali linaloulizwa ni moja: kilele kiende juu kiasi gani? Kwa hopa yetu jibu si 400 bali ni 600. Kila upande wa hopa huingia ndani milimita 200 kwa kushuka milimita 400. Nusu ya mdomo ni milimita 300. Basi nyuso zikiachwa ziendelee zitakutana milimita 600 kutoka mdomoni. Piramidi hiyo kamili ikikatwa milimita 400 kutoka kwenye kitako na ile ndogo ya nchani ikaondolewa, hopa imepatikana. Tahadhari: nukta ikisogezwa bila kufungwa kwenye mhimili wa wima, kilele huinama upande. Ajabu ni kwamba ujazo haubadiliki maadamu kimo ni kilekile, lakini nyuso nne hazitakuwa sawa tena, na fundi atahitaji kukata mabamba yasiyofanana.

Njia ya pili humshangaza mwanafunzi anapokutana nayo mara ya kwanza. Katika OpenSCAD, ambako gimba huandikwa kwa amri badala ya kuchorwa kwa kipanya, hakuna amri maalumu ya piramidi. Hutumika amri ya mcheduara yenye vipimo vitatu: h kwa kimo, r1 kwa nusukipenyo ya chini, r2 kwa nusukipenyo ya juu. Nusukipenyo moja ikiwa sifuri, mcheduara unageuka pia. Kisha kigezo cha $fn huiambia programu duara lichorwe kwa pande ngapi. Kikipewa 4, pia inageuka piramidi. Mtu aliyezoea kuona piramidi na pia kama watoto wa mama tofauti hapa hugundua kwamba ni ndugu.

Lakini njia hii ina mtego, na mtego huo umo katika neno nusukipenyo. Mraba hauna nusukipenyo. Una umbali kutoka kitovu hadi kwenye kona, na umbali kutoka kitovu hadi katikati ya upande, na umbali huo wa kwanza ni mkubwa kuliko wa pili kwa takriban mara 1.414. OpenSCAD hupima hadi kwenye kona. Kwa hiyo anayetaka mdomo wa milimita 600 hana budi kuandika 424.26, si 300. Akiandika 300 atapata mdomo wa milimita 424 na nafaka kidogo mno. Isitoshe, kona ya kwanza huwekwa juu ya mhimili wa x, hivyo mraba hutokea umesimama kwa kona na inabidi uzungushwe nyuzi 45. AutoCAD, ambayo ina amri yake ya piramidi yenye kukubali kitako cha pande 3 hadi 32, hupima kinyume chake: isipoambiwa vinginevyo, nusukipenyo yake huishia katikati ya upande. Hapo 300 ndilo jibu sahihi la mdomo wa 600. Programu mbili, neno moja, tarakimu mbili tofauti. Katika Kiswahili tunaweza kuuondoa utata huu kwa kusema nusukipenyo ya kona na nusukipenyo ya upande. Hili ni jambo ambalo lugha zilizozizaa programu hizo hazikulifanya kwa uwazi, na hatulazimiki kuurithi uvivu wao.

Njia ya tatu ni kuanza na umbo bapa na kulisukuma. Hili tutalijadili kwa urefu katika sehemu inayofuata, kwa sababu ndipo penye mgogoro wa kitenzi. Njia ya nne ni kuchora miraba miwili, wa 600 na wa 200, katika bapa mbili zilizoachana kwa milimita 400, na kuiachia programu kazi ya kuunganisha.

Ya mwisho ni ya kale na ya uaminifu zaidi: kutaja vipeo kimoja kimoja kwa namba zake, kisha kutaja kila uso unapita katika vipeo vipi. Piramidi kamili ina vipeo 5, kingo 8 na nyuso 5. Piramidi butu ina vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6. Ukitoa kingo katika vipeo na kujumlisha nyuso, jawabu huwa 2 katika hali zote mbili, na mwanafunzi ambaye jawabu lake si 2 ajue amesahau kitu. Katika njia hii mpangilio wa vipeo ndio unaoonyesha upande upi wa uso ni wa nje. OpenSCAD hutaka vipeo vya kila uso vitajwe kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa kwa mtu anayetazama akiwa nje ya gimba. Faili za STL, zinazotumika sana katika uchapaji wa magimba, hufuata mwendo wa kinyume. Uso uliotajwa kinyume hauonekani kuwa na kasoro kwa jicho, lakini kwa kompyuta ni kama shati lililovaliwa ndani nje.

4. Vitenzi: kusukuma, kuchongoa, kuunga

Uzoefu wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili unaonyesha kwamba vitenzi vilivyofaulu ni vile vilivyokuwa na kazi nyingine kabla. Kupakua faili kumekubalika kwa sababu watu walikwisha kupakua mizigo bandarini na wali jikoni. Kubofya kumekubalika kwa sababu kidole kilikwisha kubofya vitu laini, kama tunda linalopimwa kama limeiva. Kinyume chake, nomino ndefu zilizoundwa mezani kwa ajili ya kompyuta yenyewe zimeendelea kugombaniwa, na wasemaji wengi wameamua kusema kompyuta tu.

Amri inayogeuza umbo bapa kuwa gimba kwa kuliendeleza katika mwelekeo mmoja imekuwa ikielezwa kwa vitenzi vingi darasani. Kuinua ndicho cha kwanza kumjia mwalimu, nacho hufaa mpaka umbo linapoendelezwa kwa mlalo. Kurefusha kunapotosha, kwani umbo lililochorwa halirefuki hata kidogo. Linaacha nyuma yake mwili. Kukamua kuna ukweli fulani ndani yake, maana dawa ya meno hutoka ikiwa na umbo la mdomo wa kopo lake, ila kitenzi hicho kimefungamana mno na vitu vya majimaji. Sisi tunachagua kusukuma. Mashine ya tambi inafundisha dhana yote: donge husukumwa kupitia tundu, na kinachotoka kina mkato wa tundu lile, kiwe kirefu au kifupi. Mraba ukisukumwa, hutoka mche. Duara likisukumwa, hutoka mcheduara.

Piramidi ni mche ambao umbo lake linapungua likiendelea kusukumwa. Kiswahili kina kitenzi kwa ajili ya hili, nacho ni kuchongoa, yaani kufanya kitu kiwe na ncha, kama anavyofanywa mti wa uzio kabla ya kupigiliwa ardhini. Kitu kilichofanyiwa hivyo kimechongoka. Faida ya kitenzi hiki ni kwamba kinatupa kitendo na hali kwa shina moja: mtumiaji anachongoa, gimba linachongoka, na kile programu inachouliza ni kiwango cha kuchongoka. "Sukuma mraba milimita 400 ukiuchongoa" ni sentensi ambayo fundi aliyeko Bujumbura ataielewa bila kuonyeshwa skrini.

Kiwango hicho huulizwa kwa namna mbili, na hazina usawa. OpenSCAD huuliza kwa uwiano: umbo la mwisho liwe sehemu gani ya la mwanzo. Kwa hopa yetu ni theluthi moja, kwa kuwa 200 ni theluthi ya 600. Uwiano ukiwa sifuri tunapata kilele. Hapa pia pana tahadhari. Upungufu hufanyika kuelekea chimbuko la mihimili, si kuelekea kitovu cha umbo, na mraba wa OpenSCAD usipoelekezwa vinginevyo huanzia kona yake kwenye chimbuko hilo. Matokeo yake ni kwamba kilele husimama juu ya kona badala ya katikati. Wanafunzi huona piramidi imeegemea na hudhani programu imeharibika.

FreeCAD, nayo ni programu huria, hukubali kuchongoa kwa pembe. Pembe ya hopa yetu, ikipimwa kutoka kwenye wima, ni nyuzi 26.57. Fundi anayeambiwa namba hiyo ataikaza iwe 27, naye hana kosa, kwa sababu kipimapembe chake hakina alama za mia. Lakini nyuzi 27 kwa kimo cha milimita 400 huleta tundu la chini la milimita 192 badala ya 200, na nyuzi 26 huleta karibu 210. Pembe ni kipimo kizuri kwa kompyuta na kibaya kwa chaki.

Kuhusu njia ya miraba miwili, jina la Kiingereza la amri hiyo limetoka katika ghorofa za viwanda vya meli, ambako mistari ya chombo ilichorwa sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Kishawishi cha kwenda pwani na kuchukua neno kwa waunda majahazi ni kikubwa, na mwandishi alikwisha kuandika mapendekezo yaliyotumia mataruma, yaani mbavu za chombo, ambazo mbao hulazwa juu yake. Baadaye ilibidi kuyafuta. Katika ufundi wa jadi wa majahazi, mbao za ubavu huungwa kwanza na mataruma hutiwa baadaye, ilhali programu huanza na mikato na kuvisha nyuso juu yake. Sitiari ingekuwa nzuri na ya uongo. Tunabaki na kuunga mikato, ambayo haina mbwembwe na inasema kinachotendeka.

5. Vipimo vitatu ndani ya neno moja

Turudi kwenye karatasi iliyoleta hasara. Katika piramidi kuna mistari mitatu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiita urefu kwa haki kabisa. Wa kwanza hushuka wima kutoka kitovu cha mdomo hadi kitovu cha tundu. Katika hopa yetu ni milimita 400. Wa pili hushuka juu ya bamba, katikati ya uso. Ni milimita 447.2. Wa tatu hushuka kwenye kona, pale mabamba mawili yanapochomelewa. Ni milimita 489.9. Fundi alichukua tarakimu ya kwanza akaiweka kwenye mstari wa pili. Hopa aliyoipata ilikuwa na kimo cha milimita 346.4, ikapungukiwa na milimita 53.6. Ujazo wake ulishuka kutoka lita 69.3 hadi lita 60. Mteremko wa nyuso ulipungua kutoka nyuzi 63.4 hadi 60 kutoka kwenye mlalo, na hilo nalo si dogo, kwani nafaka na unga hushuka kwa mteremko.

Kinachotisha katika kosa hili ni ukimya wake. Mabamba manne yaliyokatwa vibaya yote kwa namna moja hukutana vizuri kama yaliyokatwa sawasawa. Hakuna mwanya, hakuna kona inayogoma. Gimba jingine halali limezaliwa, ila si lile lililoagizwa.

Sababu ya kosa kurudi tena na tena iko wazi mtu akiitazama hopa yenyewe. Mstari ambao karibu kila programu huuliza, yaani ule wa wima, haupo juu ya bati lolote. Unapita hewani. Mistari miwili mingine ipo, inaguswa kwa kidole, na tepu inaweza kulazwa juu yake. Mtu mwenye bati mkononi akisikia neno urefu ataliweka mahali ambapo bati lipo.

Wamisri wa kale walikuwa na njia yao ya kulikabili jambo hili, na inafaa kuikumbuka kwa sababu haikutumia pembe wala mshazari. Walipima mteremko wa piramidi kwa kuuliza uso unaingia ndani viganja vingapi kwa kila dhiraa moja ya kimo, dhiraa ya kifalme ikiwa na viganja 7. Kipimo hicho waliita seked. Piramidi Kuu ya Giza ilikusudiwa iwe na kitako cha dhiraa 440 na kimo cha dhiraa 280. Nusu ya kitako ni 220, na hesabu inatoa viganja 5 na nusu. Hopa ya Kampala ingepewa viganja 3 na nusu. Wamisri hao walijua pia ujazo wa piramidi butu: mafunjo ya hisabati yaliyoko Moscow, ya takriban mwaka 1850 K.K., yana swali la piramidi butu yenye kimo 6, kitako cha upande 4 na juu upande 2, na jawabu lake ni 56, ambalo ni sahihi. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba mafundi wa karakana huzungumza vivyo hivyo bila kuambiwa. Hawasemi nyuzi 26, wanauliza, "Inaingia ngapi kwa ngapi?" Jibu la hopa yetu, moja kwa mbili, halina desimali wala halihitaji kukazwa.

6. Karatasi ya vipimo

Kwa misingi hiyo tunapendekeza neno urefu liondolewe kabisa katika michoro ya piramidi na magimba ya jamaa yake. Mahali pake pawe na kimo, mshazari wa uso, na ukingo mshazari. Kimo ni neno la shule tayari, na fasili yake kwa fundi iwe fupi: kimo ni kile kinachopimwa kwa timazi. Mwashi yeyote anajua kwamba uzi wa timazi haulali juu ya ukuta ulioinama. Mshazari wa uso ni kipimo cha kukatia, kwa sababu ndicho kinachochorwa kwa chaki kwenye bamba kabla ya mkasi. Ukingo mshazari ni kipimo cha kukagulia: baada ya kuchomelea, tepu huwekwa kwenye kona nne, na zote zisipotoa namba moja kuna bamba lililokatwa vibaya au kitako si mraba.

Mchoraji naye ana wajibu. Programu inampa gimba, lakini fundi hakati gimba, anakata nyuso zilizofunuliwa na kulazwa. Kazi ya kulifunua gimba ifanyike kwenye kompyuta, na karatasi iende karakanani ikiwa na trapeza iliyochorwa pamoja na vipimo vyake vya bapa. Mchoro wa hopa ikiwa imesimama ubaki kwa ajili ya fremu. Unene wa bamba pia utajwe, na isemwe kama vipimo ni vya ndani au vya nje. Hilo ni la kawaida na halihitaji mjadala hapa.

Bado hatujaridhika na jina la kiwango cha kuchongoka kinapotolewa kwa mtindo wa moja kwa mbili. Mteremko na mwinamo ni maneno ya hisabati yanayogawanya kimo kwa umbali wa mlalo, ilhali fundi hugawanya kinyume chake, na kuyatumia kungeleta utata mpya badala ya ule tuliouondoa. Mwingio limependekezwa na wenzetu wachache na linastahili kujaribiwa.

Fundi wa Kampala hakusubiri. Mara ya mwisho mwandishi alipopita pale, alikuta mabamba ya hopa nyingine yameegemezwa ukutani, na kila namba iliyoandikwa kwa chaki ina herufi ubavuni mwake: T kwa kipimo cha timazi, B kwa kipimo cha bati, K kwa kona.